Namna ya Kuamuru katika Kispanyola: Sababu Gani Herufi Zinageuka



Sisi watu wa Kivu tumezoea kufikiri kwamba Kispanyola ni lugha ya mbali, isiyotuhusu. Si kweli. Mwaka 1965 Wakuba waliokuja na Che Guevara upande wa Fizi walisema Kispanyola kandokando ya ziwa Tanganika, nao walichukua hesabu za Kiswahili kuwa majina yao: Guevara mwenyewe aliitwa Tatu. Kisha walikuja askari wa Uruguay katika jeshi la ONU: mwaka 2003 walikuwa Bunia, na miaka iliyofuata wengi wao walikaa Goma. Katika Afrika yetu, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, inatumia Kispanyola shuleni, katika serikali na katika Misa. Tena mapadri wa Afrika wanatumwa kusoma Salamanca, Madrid ao Pamplona, na wakati wa mapumziko wanasaidia katika parokia za huko.

Basi padri anayefika parokiani hukutana upesi na shida moja. Kazi yake inamutaka kuamuru na kualika kila siku: tuombe, mukae, musimame, anza kusoma, unifuate, ueleze neno hili. Mutu wa kawaida aweza kukaa siku nzima bila kuamuru mutu. Padri na mukatekista hawawezi. Na neno la kuamuru likikosewa, halikosewi sarufi tu: muzee anaambiwa kama mutoto, ao watu wanacheka kanisani.

Katika somo hili tutaangalia amri za kukubali tu, yaani za kusema «fanya», si za kukataza. Na tutasimama zaidi juu ya vile vitendo ambavyo herufi zake zinageuka katika kuandika. Wanafunzi wengi huzishika kwa kichwa kama orodha ya mashitaka. Sisi twataka kuonyesha kwamba sababu yake ni moja tu, na mwenye kuifahamu hahitaji orodha.

I. Unaamuru nani?

Wahispania wana namna tano za kuamuru, kwa kufuata mutu anayeambiwa. Tuchukue kitendo pagar, kulipa.

Ukiambia rafiki ao mutoto (tú): paga.
Ukiambia rafiki wengi (vosotros): pagad.
Ukiambia mutu wa kuheshimiwa (usted): pague.
Ukiambia watu wengi wa kuheshimiwa (ustedes): paguen.
Ukijiunga nao (nosotros): paguemos, ndiyo «tulipe».

Mutu aliyesoma Kilatini anatambua mara moja namna mbili za kwanza. Canta ya Kilatini imebaki canta. Cantate imekuwa cantad. Hata dic na fac, ambazo mwalimu wa Kilatini alitukaripia sababu yake, zimebaki: di, «sema», na haz, «fanya». Pamoja nazo ziko ve (enda), pon (weka), sal (toka), sé (uwe), ten (shika), ven (njoo). Hizo nane zishikwe kwa kichwa, wala hazizidi nane. Vitendo vilivyobaki, kwa tú, vyafuata neno la mutu wa tatu wa wakati huu: él paga, «yeye analipa», ¡paga!, «lipa!»

Katika namna hizo mbili herufi za mwisho wa shina hazigeuki kamwe: busca, buscad, recoge, recoged. Shida yote iko katika zile tatu zilizobaki: usted, ustedes, nosotros.

Sababu gani ziko mbali na zingine? Usted ni neno lililofupishwa: zamani ilikuwa vuestra merced, karibu na kusema «ukubwa wako». Hawamwambii mutu «lipa». Wanasema kama «ukubwa wako ulipe». Kwa hiyo si imperativo ya kweli, bali ni hali ile inayoitwa subjuntivo. Na sisi hatuko mbali na jambo hilo. Kwa muzee hatusemi «kaa!»; twasema «mukae, baba», kama vile tungeambia watu wengi. Kila taifa linatafuta njia ya kuzunguka kidogo, ili amri isimupige mukubwa usoni.

II. A inakuwa E, na E inakuwa A

Namna ya kufanya subjuntivo inatoka katika Kilatini. Kitendo chenye a kinachukua e: laudat, laudet. Oremus ya Misa ni mufano unaojulikana na wote: kitendo ni orare, lakini katika kualika a imekuwa e. Wahispania wanasema oremos. Kitendo chenye e ao i kinachukua a: legit, legat. Wahispania vilevile: come, «anakula», coma usted, «ule, bwana».

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha zetu zinafanya karibu sawasawa, ingawa hazina undugu na Kilatini. Twasema omba, lakini tuombe, muombe. Ndugu zetu wa Masisi wanaosema Kinyarwanda wana gusenga, na katika kualika wanasema dusenge. Oremus, oremos, tuombe, dusenge: katika yote minne e imeingia pahali pa a. Hiyo si dalili ya ukoo mumoja, lakini ni musaada mukubwa kwa kichwa cha mwanafunzi: kama waweza kutoka omba kufika tuombe, waweza kutoka paga kufika pague. Wale wanaosema Kihunde ao Kinyanga watazame wenyewe lugha ya mama yao inafanya nini; kazi hiyo itawafaa kuliko kurasa kumi za kitabu.

III. Sikio ni bwana, herufi ni mutumishi

Sasa tufike kwenye kiini. Katika Kiswahili kila herufi ina sauti moja. G ya piga ni g ya pige. K ya cheka ni k ya cheke. Vokali ikigeuka, konsonanti inakaa kimya pahali pake. Kwa hiyo sisi hatuna shida.

Kispanyola kimepokea alfabeti ya Waroma, na katika alfabeti hiyo herufi mbili zimegawanyika tangu zamani. C mbele ya a, o, u ni k yetu. Mbele ya e na i ni sauti ya ulimi katikati ya meno kwa watu wengi wa Hispania, na s kwa watu wa Amerika. G mbele ya a, o, u ni g yetu. Mbele ya e na i ni sauti ngumu ya kukwaruza koo, ileile ambayo wanaiandika pia kwa j.

Fikiri sasa: unatoka buscar, kutafuta, yenye sauti ya k. Unaweka e. Ukiandika busce, sauti ya k inakufa. Muhispania hatambui tena kitendo chake. Basi wanachagua: ao kulinda herufi na kuua sauti, ao kulinda sauti na kubadili herufi. Wamelinda sauti. Wameandika busque, na ile u haisemwi; kazi yake ni kulinda k tu, kama mulinzi anayekaa mulangoni bila kuingia nyumbani.

Jambo hili tumekwisha kuliona katika Kifaransa, ila labda hatukulifikiri. Tulipokuwa shuleni tuliandika mangeons na e, na commençons na mukia chini ya c. Hizo ni amri za kukubali, na herufi zimegeuka ili sikio lisidanganyike. Kinyarwanda nacho kinafanya: wanaandika tugende, lakini dukore, dusenge, kwa sababu sauti yenyewe imegeuka, na herufi inafuata sauti. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi ya kwanza ya Kispanyola mwaka 1492, alifundisha kwamba yafaa kuandika kama vile watu wanavyosema. Na Akademia ya Madrid, iliyoanzishwa mwaka 1713, iliendelea katika njia hiyo: mwaka 1815 iliamua kwamba qu ibaki mbele ya e na i tu. Zamani waliandika quando; tangu hapo ni cuando.

Basi kanuni kubwa ni hii: *herufi inageuka ili sauti isigeuke.* Mengine yote ni matawi ya muti huo.

IV. Matawi saba

Matawi manne ya kwanza ni ya vitendo vya -ar, ambapo e inaingia.

1° Vya -car vinachukua qu. Predicar, kuhubiri: predique, prediquen, prediquemos. Vilevile explicar, kueleza: explique, tocar, kugusa ao kupiga kengele: toque, sacar, kutoa: saque.

2° Vya -gar vinachukua gu. Pagar: pague. Entregar, kukabidhi: entregue. Comulgar, kukomunika: comulgue, comulguen.

3° Vya -zar vinachukua c. Rezar, kusali: rece, recen, recemos. Bautizar, kubatiza: bautice. Comenzar, kuanza: comience usted, lakini comencemos, kwa sababu kwa nosotros ile e ya shina haipasuki kuwa ie. Hapa sauti haikuwa katika hatari. Ni desturi ya Wahispania kutoandika ze na zi ila katika maneno machache.

4° Vya -guar vinachukua gü, na vidonda viwili juu ya u. Averiguar, kuchunguza: averigüe. Katika pague u ilikuwa bubu. Hapa inasemwa, na vidonda vile ndivyo ushuhuda wake.

Matawi matatu yanayofuata ni ya vitendo vya -er na -ir, ambapo a inaingia.

5° Vya -ger na -gir vinachukua j. Recoger, kukusanya: recoja. Proteger, kulinda: proteja. Dirigir, kuongoza: dirija. Corregir, kusahihisha: corrija. Elegir, kuchagua: elija.

6° Vya -guir vinaacha u. Seguir, kufuata ao kuendelea: siga, sigan, sigamos. Distinguir, kupambanua: distinga. Mulinzi hana kazi tena mbele ya a; anarudi nyumbani.

7° Vya -cer na -cir vyenye konsonanti mbele vinachukua z. Vencer, kushinda: venza. Ejercer, kufanya kazi fulani: ejerza.

Lakini angalieni. Vile vyenye vokali mbele ya -cer ao -cir, karibu vyote, vinachukua zc: ofrecer, kutoa sadaka, ofrezca, conducir, kuongoza gari, conduzca. Hapo si herufi tu iliyogeuka. Sauti ya k imeongezeka kweli. Vivyo hivyo hacer inafanya haga, na decir inafanya diga. Hivyo ni vitendo vinavyoasi kanuni, vinataka somo lao. Tusivichanganye na watiifu wetu saba, ambao machoni wanaonekana waasi, lakini sikioni hawakuasi hata kidogo.

V. Maneno madogo yanayofuata nyuma

Katika Kiswahili «ni-», «tu-», «mu-» vinaingia ndani ya kitendo: unifuate, utueleze. Katika amri za kukubali, Kispanyola kinavibandika nyuma: sígame, unifuate, explíquenos, utueleze, páguelo, ukilipe.

Mumeona ile alama juu ya vokali. Sababu yake ni ileile ya kwanza: kulinda sikio. Neno la Kispanyola lenye kuisha kwa vokali, n ao s lina mukazo katika silabi ya pili toka mwisho, sawasawa na Kiswahili chetu. Pague ina mukazo juu ya pa. Ukibandika lo, mukazo ungependa kusogea juu ya gue. Alama inaukataza: kaa pale ulipokuwa. Kwa hiyo katika neno moja, páguelo, mwaona walinzi wawili: u inalinda g, na alama inalinda mukazo.

VI. Mitego

Mutego wa kwanza ni kuandika kwa desturi ya Kiswahili. Mwanafunzi anatoka paga, anaweka e, anaandika page, kama vile piga, pige. Muhispania akisoma maandishi hayo anasikia paje, na paje ni kijana mutumishi katika nyumba ya mufalme. Barua ya kuomba karo ya shule ilipiwe imekwisha kuharibika. Tena mutu akiandika sigua pahali pa siga, wanasoma «sigwa», neno lisilo na maana. Nalo siga ni neno ambalo dereva akutanaye na askari wa Uruguay kizuizini lazima alisikie vizuri: pare ni «simama», siga ni «endelea».

Mutego wa pili ni kitendo coger, kuchukua. Kwa sarufi ni mutiifu wa tawi la tano: coja. Katika Hispania ni neno safi la kila siku, ingawa coja ni pia mwanamuke kiwete. Lakini Argentina, Uruguay na Mexico coger ni neno la aibu. Padri asilitumie mbele ya watu wa huko. Aseme tome, kutoka tomar, ambayo herufi zake hazigeuki na haimuudhi mutu popote.

Mutego wa tatu ni vosotros. Amerika hawaitumii katika maongezi. Hata kwa watoto wengi wanasema ustedes. Ndiyo sababu, juu ya altare, padri wa Hispania anasema tomad, na padri wa Mexico anasema tomen. Maana yake kwetu ni hii: atakayeishi na watu wa Amerika atatumia namna zenye kugeuka herufi mara nyingi zaidi, kwani kila kundi linaambiwa recen, busquen, sigan. Tena watu wa Uruguay na Argentina pahali pa tú wana vos, na amri yake inachukua mukazo mwishoni: pagá, buscá, vení. Ukiisikia, usifikiri wamekosa. Ni desturi yao.

Mutego wa nne ni kuchanganya heshima. Wafaransa zamani waliambia Mungu vous katika sala ya Bwana. Tangu mwaka 1966 wanasali kwa tu. Wahispania wanamwambia Mungu tú. Basi kitendo bendecir, kubariki, kinatuonyesha ajabu ndogo: Mungu anaambiwa bendice, kama baba yetu wa karibu, na padri, anayesemeshwa kwa usted, anaambiwa bendiga. Mwanafunzi anayefikiri kwamba usted ni ya heshima, kwa hiyo yafaa Mungu zaidi, atasali kwa namna ambayo masikio ya huko hayakuizoea. Kinyume chake, anayeambia bibi muzee reza pahali pa rece amemusemesha kama mujukuu wake.

VII. Mazoezi

Kila mutu achukue karatasi, afunike majibu, aandike amri ya usted kwa vitendo hivi kumi: explicar, entregar, abrazar (kukumbatia), corregir, distinguir, convencer (kusadikisha), sacrificar, colgar (kutundika), dirigir, apaciguar (kutuliza).

Majibu: explique, entregue, abrace, corrija, distinga, convenza, sacrifique, cuelgue, dirija, apacigüe.

Ukikosa, usianze kwa kutazama orodha. Sema kwanza infinitivo kwa sauti, usikilize konsonanti ya mwisho wa shina. Kisha weka vokali mupya, na ujiulize: herufi ileile, mbele ya vokali hii, italinda sauti niliyosikia? Ikilinda, iache. Isipolinda, tafuta ile itakayoilinda. Kazi hiyo ni ya nukta chache, nayo inafanyika pia njiani kwa miguu, hata kati ya Sake na Mushaki, ambapo kilima chenyewe kinampa mutu wakati wa kutosha.

Wakatekista wasiofikiri kujifunza Kispanyola wachukue hata hivyo faida moja katika somo hili. Mutoto akiandika vibaya, mara nyingi hakukosa kusikia. Aliandika kwa uaminifu sauti aliyoisikia, kwa kanuni ya lugha nyingine anayoijua. Mutoto wa Masisi anayeleta darasani Kihunde ao Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa pamoja, ana kanuni nyingi kichwani kuliko mwalimu anavyofikiri. Kabla ya kumukaripia, yafaa tumuulize: «Ulisikia nini?» Jibu lake litatuonyesha mara nyingi pahali pa kuanzia kumufundisha.